Marehemu wa Benchi la Pili

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, kwa ndugu, jamaa, majirani wa Kimara bondeni, na mapadri wote kumi na mmoja waliowahi kuvaa kanzu iliyonyooka, kwamba Bibi Demetria Komba amefariki dunia. Amefariki Jumapili ya pili ya Novemba, Misa ya kwanza, wakati wa kusoma nia za kuombea wafu, akiwa ameketi benchi la pili upande wa akina mama, karafuu shavuni. Hakuugua. Chanzo cha kifo ni mwandiko wa mjukuu wake. Bwana alitoa, katibu wa parokia akatwaa.

Mjukuu mwenyewe, Ansbert, hakuwamo kanisani kushuhudia msiba aliousababisha. Alikuwa nje getini, ameegemea pikipiki, anajibu meseji za watu wa harusi. Spika ya nje ndiyo iliyompa habari.

"Misa hii," ilisema sauti ya Augustine, katibu wa parokia, ambaye husoma majina ya wafu kama konda anayetaja vituo, "inaombea roho ya marehemu Demetria Komba. Imeombwa na Filomena. Raha ya milele umpe, ee Bwana..."

Hapo Augustine akainua macho, akamwona marehemu anamtazama.

Shingo zote zikageukia benchi la pili. Na kabla mtu hajaitikia ikasikika sauti moja ya kizee, kavu, isiyo na haraka, ikiitikia inavyopasa: "Na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina."

Alijiitikia mwenyewe. Sala ni sala, na Bibi Demetria hakuwa mtu wa kuacha sala ya mwenzie ikaning'inia hewani eti kwa sababu aliyekufa ni yeye.

Kanisa likapasuka. Watu ambao kwa kawaida hawaamki mpaka sadaka ya pili walicheka wakashikilia mabenchi. Mzee Polikarpo, Mhehe wa Iringa na mtani wake wa miaka thelathini, alisimama akatangaza bila kuombwa kwamba Mngoni hafi kirahisi, atangazwe tena. Paroko akatoka na kusema Bibi yetu yu hai, tumpigie makofi. Makofi yakapigwa. Nje getini Ansbert alicheka mpaka simu ikamdondoka.

Katika kicheko chote hicho jina moja lilipita bila mtu kulishika. Filomena. Lilisomwa, likapigiwa makofi juu yake, likazama.

Ili msomaji auelewe uzito wa jambo hilo, inabidi kwanza amjue marehemu akiwa hai.

Demetria alizaliwa kijiji kimoja nyuma ya Peramiho, kule Songea, akakulia miguuni pa masista wa misheni. Masista walimfundisha vitu viwili: kumcha Mungu na kupiga pasi. Akavishika vyote kwa nguvu ileile, na hakuona tofauti kubwa kati yake. Aliolewa na Albano, fundi seremala mpole aliyeongea kwa rula, wakashuka Dar, wakapanga Manzese kwenye chumba ambacho mguu wa kitanda ulikuwa nje ya mlango, kisha wakajibana wakajenga Kimara, bondeni, wakati Kimara bado ni mashamba ya mihogo na watu wa mjini wakiuliza kama huko kuna simba.

Albano alipofariki, Bibi alienda kwa paroko wa wakati huo akamwambia nguo zako za altare zinatia aibu, nipe. Akapewa. Kwa miaka thelathini na kitu akafua na kupiga pasi ya mkaa kanzu, stola na vitambaa vya altare. Wakapita mikononi mwake mapadri kumi na mmoja. Hakuna aliyemjua padri kama yeye. Alijua nani anamwaga divai, nani anatoka jasho wakati wa kuhubiri umaskini, nani anaficha chenji ya soda mfukoni mwa kanzu. Hakumwambia mtu. Aliinyoosha tu kola, akaning'iniza.

Na mtoto wake mmoja, watu walivyojua, ni Yuliana. Yuliana ndiye aliyekuja siku moja na mtoto wa miaka sita na begi la shule, akasema, "Mama, kaa naye hapa wiki mbili tu, nihangaikie chumba Tegeta." Wiki mbili hizo zilichukua miaka ishirini na tano. Yuliana akapata chumba, kisha nyumba, kisha mume na watoto wengine. Ansbert akabaki Kimara kwa Bibi.

Bibi alimwita mume wangu, kama bibi yeyote wa kusini anavyomwita mjukuu wa kiume, na akamlea kama mume wa kweli: alimlisha, akamfulia, na hakumgombeza hata siku moja. Hakuwa na haja. Saa kumi na moja alfajiri, kila siku ya Mungu, alipiga magoti kando ya kitanda akasali kwa sauti, na katika sala hiyo ndimo alimomshughulikia kila mtu. Mtu anayesali hakatizwi. Huo ndio ujanja wake, na shetani mwenyewe hakuupatia dawa.

"Ee Mungu Baba," Ansbert angemsikia kupitia pazia, shuka kavuta mpaka puani, "wewe unayejua siri za mioyo, unamjua pia aliyemaliza dagaa jana na kurudisha sufuria tupu kabatini. Msamehe. Na umkumbushe kwamba sufuria tupu huoshwa."

Ansbert akaamka, akaosha sufuria.

Alipoacha chuo mwaka wa pili, akisomea uhusiano wa umma, kwa sababu aliona uhusiano anao tayari na umma wenyewe haulipi ada, Bibi hakusema neno. Kwenye jumuiya walipomuuliza kijana anaendeleaje na masomo, alijibu, "Amepumzika." Kwa miaka tisa Ansbert alikuwa amepumzika. Alfajiri ikifika, Bibi alimweleza Mungu kwamba hata Yeye Mwenyezi alipumzika, lakini siku ya saba, baada ya kufanya kazi siku sita.

Hatimaye akawa MC. MC Ansi, mshereheshaji wa harusi, send-off, kipaimara na chochote chenye keki. Alikuwa na kipaji hicho: angeweza kumsimamisha bibi harusi asiyejulikana hata na majirani, akamtambulisha kama malkia aliyevuka jangwa. Maneno makubwa yalimtoka kama maji bombani, yale ya siku yanapotoka.

Sasa, kwa miaka saba, kila Novemba, mwezi wa marehemu, Bibi alimtuma ofisi ya parokia kuandikisha nia. Macho yake yalikuwa yameisha kwa mvuke wa pasi. Aliketi kwenye kigoda, akamtajia majina taratibu, kama mtu anayeita kuku zake jioni: Albano mume wangu. Baba. Mama. Dada yangu Anastazia. Kaka yangu aliyefia Lindi. Na mwisho kabisa, kwa sauti ambayo haikupanda wala kushuka: "Na Filomena."

Ansbert aliandika Albano, akaandika baba na mama, na baada ya hapo mkono ukachoka, ama foleni ikawa ndefu, ama simu ikaita. Akafunga kwa maneno ambayo kila mvivu wa parokia ile anayajua: *na marehemu wote wa ukoo*.

Na kila Novemba Bibi alikaa benchi la pili, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza. Albano. Baba. Mama. Na marehemu wote wa ukoo. Kisha akakiinua kichwa.

Mara moja alfajiri Ansbert alimsikia akisali: "Ee Bwana, nakushukuru wewe unayo orodha yako, na karatasi yako haiishi nafasi." Akadhani Bibi analalamikia orodha ya vitenge vya sare ya jumuiya, maana kweli jina lake lilirukwa. Akageuka upande wa pili akalala. Akija kulikumbuka hilo leo, Ansbert hujisikia kama mtu aliyepigiwa hodi miaka saba, akaitikia "karibu" bila kufungua mlango.

Mwaka huo wa mwisho Bibi alibadilisha. "Mwaka huu andika Filomena peke yake," alisema. "Hao wengine wameshasomwa, wametosheka."

"Filomena nani, Bibi?"

"Filomena. Wataelewa."

Karatasi ya nia ina mistari miwili tu. Anayeombewa. Anayeomba. Mtoto wa darasa la pili angeijaza. Ansbert aliijaza juu ya tangi la pikipiki, simu kaibana kwa bega, akimhakikishia mama mmoja wa Tegeta kwamba ndiyo, maharusi wataingia na singeli, na hapana, babu hataanguka. Alipokata simu, walio hai na waliokufa walikuwa wamebadilishana mistari. Akaipitisha dirishani kwa Augustine, akawasha pikipiki.

Ndiyo hiyo iliyosomwa.

Walipotoka kanisani siku ile walikuta mazito zaidi nyumbani. Spika ya parokia inafika bondeni, lakini upepo hauchukui sentensi nzima. Jirani yao, Mzee Mwinshehe, alikuwa amesikia "marehemu Demetria Komba" na hakungoja mengine. Akazima redio, akavaa kanzu, akaenda msikitini akaazima mikeka, na bibi na mjukuu walipoingia uani walimkuta amekaa mkekani mlangoni na wazee wawili, viganja vimeelekea juu, macho yamemlowa.

"Salaam, Mwinshehe," Bibi alisema. "Nani kafa?"

Mwinshehe akashusha viganja.

"Wewe, Bi Demetria."

"Basi sogea nipite."

Ansbert ilibidi aende nyuma ya choo akacheke huko. Aliporudi, Bibi alikuwa ndani, amekaa kitandani, mkoba bado mapajani, kilemba hajafungua.

"Bibi, nisamehe. Nilichanganya mistari."

"Nilisikia."

"Lakini mbona hukuwakatiza? Si ungesema niko hai jamani?"

"Walikuwa wanasoma jina," Bibi alisema. "Nilikuwa nasikiliza jina."

"Lako?"

"La Filomena."

Ansbert akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kwani Filomena ni nani hasa? Shangazi?"

"Wangu wa kwanza. Kabla ya mama yako."

Kicheko kikamkauka Ansbert mdomoni. Miaka ishirini na tano ndani ya nyumba ile, na hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na wa kwanza. Bibi akafungua kilemba, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya mkoba na kukilaza kwa kiganja, kana kwamba anakipiga pasi. Alikuwa anajiandaa. Ansbert aliliona hilo kwa macho yake, asije akasema hakuliona.

"Alizaliwa masika," Bibi akaanza.

Simu ikaita. Yule mama wa Tegeta. Ukumbi umehamishwa.

"Bibi, dakika moja," Ansbert akasema, akatoka uani.

Ile dakika moja, kama zile wiki mbili za mama yake, ilikuwa na tabia ya ukoo. Ilikwenda mpaka Kwaresma.

Ishu si kwamba alikuwa bize. Kila mtu Dar yuko bize, hata wasio na kazi. Ishu ni kwamba alikuwa amepata kichekesho. Jumamosi iliyofuata ukumbini Tegeta, kabla ya keki, alishika kipaza sauti akasimulia habari za bibi yake aliyejiitikia msiba kanisani. Watu walianguka chini. Baba wa bwana harusi alimkumbatia. Akasimulia tena Mbezi, akasimulia Sinza, akaisimulia mara kumi na saba mpaka Krismasi, kila mara akiongeza chumvi: Augustine akazimia, Mwinshehe akaja na jeneza, paroko akakimbia. "Sogea nipite!" ukumbi mzima uliitikia, kama kibwagizo. Na katika mara zote kumi na saba, jina la Filomena halikuingia hata mara moja. Halichekeshi. Linapunguza kasi ya hadithi.

Alirudi Kimara akiwa amechoka, akala alichoachiwa, akalala. Alfajiri alimsikia Bibi akisali, na Bibi hakumtaja tena. Sala ilikuwa fupi. Hilo lingepaswa kumshtua kuliko yote.

Tusifichane: Bibi Demetria alikufa kweli, wiki ya nne ya Kwaresma. Augustine alilisoma jina lake kwenye mstari wake halali, taratibu, na hakuna aliyecheka, ingawa wapo waliochungulia benchi la pili kuhakikisha. Mzee Mwinshehe alileta mikeka ileile. Wakampa Ansbert kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, maana yeye ndiye mwenye maneno. Akaandika, *alijaliwa watoto wawili*, na mama yake, Yuliana, aliyekuja kutoka Tegeta na miwani myeusi, akamshika mkono.

"Wawili? Mwingine nani?"

"Filomena. Dada yako. Alikutangulia."

Yuliana akavua miwani. Wasifu ulikuwa na nafasi ya ukurasa mzima, na foleni haikuwepo, na simu ilikuwa imezimwa. "Alikuwaje?" akauliza.

Ansbert alikuwa na jibu moja tu, lile alilopewa yeye mwenyewe, Jumanne moja, siku kumi kabla.

Jumanne ile ilikujaje? Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba, haiendi tena kanisani. Nguo za altare zilikuja nyumbani na kurudi hazijapigwa pasi, na paroko alisimama altareni na kanzu yenye makunyanzi, jambo ambalo Kimara ilikuwa haijaliona tangu enzi za mihogo. Ansbert alipoiona kanzu ile ndipo aibu ilipompata, ikampata yote kwa pamoja. Akaenda ofisini.

"Haya, safari hii nani kafa?" Augustine aliuliza, kalamu ameishika mbali na yeye kama nyoka.

"Filomena Komba."

"Yule aliyeomba?"

"Yuleyule. Nipe karatasi, nitaandika kwa herufi kubwa."

"Jumapili zimejaa mpaka Pasaka, braza. Ipo Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi."

"Nipe hiyohiyo."

Misa ya Jumanne asubuhi ni ya watu saba, na watano kati yao wana kifua. Ansbert alikaa benchi la pili, upande wa akina mama, mahali pa Bibi, na hakuna aliyemwondoa. Aliwasha simu irekodi, akainyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao, ili Bibi alisikie kwa masikio yake jina aliloliinamia kichwa miaka yote ile. Augustine akafika kwenye mstari. Akakohoa kidogo kwa heshima. "Misa hii inaombea roho ya marehemu Filo—"

Na nyuma yake Mzee Polikarpo, mtani, mwenye pua iliyokataa hewa ya Dar tangu aihamie, akapiga chafya. Si chafya ya mjini. Ilikuwa chafya ya Iringa kabisa, yenye baridi na mlima ndani yake. Iligonga mabati, ikarudi.

Ansbert aliendesha pikipiki mpaka bondeni, akaingia chumbani na kofia ya pikipiki kichwani. Bibi alikuwa ameamka, ameegemezwa mito.

"Bibi, shikamoo. Limesomwa. Leo. Filomena. Limesomwa sawasawa, mstari wake."

"Marahaba."

"Sikiliza." Akamwekea simu sikioni.

Bibi akakiinamisha kichwa upande. Akasikiliza kikohozi, akasikiliza *Misa hii inaombea*, akasikiliza chafya.

"Huyo ni Polikarpo," alisema. "Mwambie avae sweta."

"Jina lipo hapo, Bibi, chini ya chafya. Rudia kusikiliza."

Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Kisha akamrudishia simu kwa adabu, kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu chombo chake alicholetea chakula.

Ansbert akavua kofia, akapiga magoti kando ya kitanda, kwenye saruji iliyolika vishimo viwili vya magoti ya mtu mwingine. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno. Alimtaka Filomena mzima: alizaliwa masika gani, alifanana na nani, alikuwa na nini ndani yake cha kumfanya mwanamke aliye kimya asikilizie jina lake kwa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa tayari kuandika. Simu aliizima kabisa, na akahakikisha Bibi anamwona akiizima.

"Bibi yangu," alisema, kwa sauti ileile anayowaingizia malkia ukumbini, maana hakuwa na nyingine, "leo niko hapa, siendi popote, hata iite dunia nzima. Nisamehe kwa ile dakika moja. Nieleze. Huyu Filomena, mzaliwa wako wa kwanza, huyu malaika uliyemficha moyoni maisha yako yote, alikuwa nani?"

Bibi alimtazama. Pumzi zilikuwa fupi, akazigawa.

"Alikuwa mtoto, mume wangu," alisema. "Ulitaka awe nani?"